Soketi ya Juu ya Paa

Ridhiwani ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, kwa hiyo kumtania ni haki yangu, na yeye kununa ni mwiko. Mlijue hilo kwanza, msije mkaniona sina adabu.

Miaka ile ya ruksa, biashara binafsi zilipofunguliwa, alinunua ghala la zamani la ushirika hapa Kibiti, akaligeuza chumba cha baridi cha kuhifadhia kamba wanaovuliwa Mbuchi. Mashine za kupozea akazipanga juu, kwenye paa la zege, na fundi wake ni mume wangu, Shaabani. Mashine ikigoma, Shaabani huizima, kisha huburuta waya mrefu kutoka dirisha la ofisi mpaka juu, waya wenyewe umeungwaungwa kwa utepe, apate kuwasha taa na drili. Na juu kule maji hayakauki, mashine zinatiririsha mchana kutwa.

Shaabani alimweleza kuwa kanuni za umeme zinataka soketi iwe palepale juu, karibu na mashine, yenye kifuniko cha mvua na breka ya kukata umeme ukivuja. Ridhiwani akacheka mpaka akakohoa. Soketi juu ya paa, nani anakwenda huko kupiga pasi mawingu? Alipobanwa sana akasema haya, ichukue umeme kwenye waya wa mashine. Shaabani akamuuliza, sasa nikizima mashine niitengeneze, soketi nayo si itazimika? Wakaachana hapo.

Siku moja Shaabani alirudi mkono umekufa ganzi, hata kijiko hakishikiki. Akasema si kitu, umeme umemrusha kidogo tu. Wallahi niliogopa. Niliogopa nikashindwa hata kumgombeza.

Asubuhi nikanunua bafta nyeupe, nikaifuata ofisi ya binamu yangu. Shaabani alikuwa amesimama mlangoni, waya begani. Nikaikunjua bafta mbele ya wachuuzi wa kamba, nikampima nayo mume wangu kutoka utosini hadi nyayoni.

Ridhiwani akainuka kitini. "Mwanaidi, acha uchuro!"

"Uchuro gani, binamu? Nimekuja unilipie sanda mapema. Si umeona ni rahisi kuliko soketi?"

"Huo si utani."

"Basi panda wewe na huo waya, nikupime wewe."

Ridhiwani akanyoosha mkono auchukue ule waya, akauona utepe ulivyoloa, akaurudisha mkono wake mfukoni.

Soketi ikawekwa, na waya wake mbali na wa mashine. Masika yalipoingia, siku moja breka ikakata, drili ikiwa mkononi mwa Shaabani. Alirudi nyumbani ananung'unika, drili mbovu, inavujisha umeme, imemharibia kazi. Nikamwacha anung'unike weee, huku nampakulia wali na machozi yananitoka.

Ile bafta nimeishona foronya. Anailalia yeye, tena anakoroma mpaka nakosa usingizi, na simwamshi.