Herufi E ya Mama Debra

Saa kumi jioni Wechuli aliweka chini mkasi wa bati, akapangusa mikono kwenye ovaroli, akaingia ndani kutia karatasi kwenye taipureta. Ilikuwa imeshaanza kupiga. Mashine ikipiga bila karatasi hutoboa roli lake, na roli la aina ile halipatikani tena Kisumu nzima. Alingoja kengele ya mwisho wa mstari, akapenyeza karatasi haraka, mashine ikaendelea.

Mto kwenye kiti ulikuwa umebonyea. Mkewe alikuwa amefariki mwezi wa tatu, akazikwa nyumbani Kimilili, na tangu wiki iliyofuata maziko alikuwa akirudi kazini kila siku isipokuwa Jumapili. Haonekani. Hufika, mto unabonyea, kazi inaanza.

"Mama Debra ameripoti?" Naswa, jirani muuza chapati, aliuliza kutoka nje.

"Ameripoti."

"Basi nipunguze redio."

Taipu Mama Debra alijifunza shuleni, kidato cha tatu, kwa mwalimu aliyeitwa Madam Sylvia. Madam aliwafunika wasichana mikono kwa kitambaa cheusi ili wasione herufi, kisha akatembea nyuma yao akisoma: a, s, d, f. Aliyechungulia alifagia darasa wiki nzima. Kufikia Krismasi Emmaculate Nakhungu alikuwa akipiga barua nzima huku akitazama dirishani mbuzi wakila maua ya mwalimu mkuu. Masomo mengine, alimwambia mumewe baadaye, yalimtoka yote, mito ya Ulaya na pembe tatu na wafalme wa watu wengine. Vidole ndivyo havikusahau. Vilimsomesha binti yao Debra, vikaezeka hii nyumba ya Kondele mabati.

Kwa hiyo Wechuli hakuona ajabu. Mtu aliyejifunza kazi akiwa amefunikwa, ukimfunika tena umemzuia nini?

Yeye mwenyewe aliachia darasa la tatu. Lakini herufi E aliijua kama mtoto wake wa kumzaa. Mkono wake mwembamba wa chuma ulivunjika mwaka mmoja wa mvua nyingi, naye akauchomelea kwa risasi ya kuzibia sufuria. Tangu siku hiyo E inalia nzito. Jina la mkewe lina E mwanzoni na E mwishoni. Ko, halafu vishindo vidogo vinane, halafu ko. Angelitambua hata akiwa amelala.

Na E hiyo ndiyo iliyoleta shida. Katekista aliyembatiza aliandika Emmaculate, kwa E, na mwenyewe akakataa kubadilisha maisha yake yote. Lakini kijana wa ofisi ya mjini wanakotoa cheti cha kifo, aitwaye Tom, aliona hilo ni kosa akaandika Immaculate. Basi kwa mujibu wa serikali aliyekufa ni Immaculate Nakhungu, mwanamke ambaye Wechuli hajawahi kukutana naye. Emmaculate hakufa. Angeenda wapi?

Miezi miwili baada ya maziko wakaanza kuja wengine. Wa kwanza alikuwa Odongo wa Usenge, aliyezama na mtumbwi wake, na cheti chake kinasema Ondogo. Alisimama mlangoni akichuruzika maji, ananuka omena. Akafuata mama mmoja mzee wa Luanda Kotieno, ambaye karatasi yake inasema mwanamume. Walipanga foleni ukutani kuanzia saa kumi, kimya, macho mbele. Kila kengele ilipolia walisogea hatua moja. Mashine ilimpigia kila mmoja barua ya kuomba kusahihishwa, na Wechuli akazipanga kwenye katoni. Jua likizama waliondoka, yeye akapiga deki sakafu.

Kilichomsumbua hakikuwa hao. Ni vidole. Mama Debra alikufa vikiwa vimevimba, daktari alishamwambia apumzike. Sasa kila jioni mashine ikinyamaza, vibonye vilikuwa vya moto, vimelowa jasho. Wechuli alivikanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu kama alivyomkanda mwenyewe. Na ile ko ilizidi kuchelewa, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

"Jipigie yako kwanza," alikiambia kiti. "Urekebishwe, ulale."

Ijumaa akasikia: ko, vidogo vinane, ko. Jumatatu mapema akachukua barua ile na katoni nzima, akaenda mjini.

Nje ya ofisi, kwenye simiti, bado kulikuwa na alama nne za kutu za miguu ya meza ya Mama Debra. Alikaa pale miaka thelathini na mmoja chini ya mwavuli, yeye na wenzake sita, na hakuna fomu iliyoingia mle ndani ikiwa na jina la makosa. Halafu wakubwa wakasema taipureta za barabarani zinaharibu sura ya mji. Wakawafukuza, wakaleta kompyuta, na kwenye kompyuta wakamweka mpwa wa mmoja wao.

Mpwa mwenyewe, yule Tom, alikuwa dirishani. Alipiga kwa kidole kimoja, kama mtu anayejaribu kama viazi vimeiva.

"Mzee, Immaculate inaanza na I. Uliza hata padri."

"Kanisa ndilo liliandika E."

"Basi kanisa lilikosea."

"Na wewe nikikuita Tim, utaitika?"

Watu kwenye foleni walicheka. Tom akasoma barua, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena.

"Hii imepigwa safi sana. Nani huyu?"

"Bibi yangu."

"Huyu huyu wa kwa cheti?"

"Huyu huyu."

Tom alitikisa kichwa taratibu. "Mwambie alete maombi ya kazi. Hapa hatuna mtu anajua kutaipu."

"Alikuwa hapo nje. Mlimfukuza."

"Si mimi, Mzee. Wakubwa."

Akatafuta E, akaibonyeza. Akamaliza jina, na kompyuta ikaibadilisha yenyewe kuwa I. Akarudia. Ikabadilisha. Mara ya tatu akainua mikono.

"Unaona? Ni mashine."

"Iliyoletwa na nani?"

"Wakubwa."

"Na wao wanajua kupiga taipu?"

"Wao hupiga sahihi tu, baba."

Katoni ya barua za wengine Tom aliiweka juu ya katoni zingine. Cheti kipya kikatoka, kikapigwa muhuri.

Wechuli alikisomea pale kwenye alama za kutu, kidole chini ya maneno. Immaculate, kama kawaida. Akashuka hadi palipoandikwa jina la mume. Akatafuta E yake, herufi ya pili, hakuiona. Wachuli. Akatazama dirisha la Tom. Lilikuwa wazi, na mbele yake watu watatu tu. Alisimama mpaka wote watatu wakahudumiwa. Kisha akakunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaenda kununua ream mbili za karatasi.

"Wamerekebisha?" Naswa alimuuliza alipofika Kondele.

"Imebaki."

"Pole. Huko ndani ameshaanza, na hana karatasi."

Aliingia, akangoja kengele, akapenyeza karatasi. Halafu akakitandaza kile cheti mbele ya kiti. Mashine ikanyamaza. Kisha herufi zikaanza kudondoka, taratibu, kwa vidole vinavyouma. Kidogo kimoja. Ko. Vidogo vitano.

Alihesabu tena kichwani. Lilikuwa jina lake, na E yake ilikuwemo.

Wechuli alivuta kigoda chake cha kazi, akaketi mwisho wa foleni, nyuma ya mama wa Luanda Kotieno. Kengele ilipolia, akasogea hatua moja.