Stempu Zilizobandikwa

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa na binti waliyemwita Chiriku, maana alipokuwa mdogo alipayuka tangu alfajiri mpaka majirani wakaomba poo. Baba yake alipofungasha na kwenda kuanza maisha kwingine, Chiriku akafunga mdomo. Ikawa yeye na simu, simu na yeye. Ukimwuliza jambo, jibu ni "Mm."

Hofu ya mama haibishi hodi. Fundi akamkimbilia kaka yake, mstaafu aliyechambua barua posta ujana wake wote.

"Kaka, mpwa wako ananipotea humo ndani ya simu."

"Mlete. Nina stempu zangu hapa, hata panya wamezikinai."

Siku ya kwanza Chiriku alikaa kama aliyepelekwa kung'olewa jino. Mjomba hakumhubiria. Alikata kipande cha bahasha chenye stempu, akakitumbukiza kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, wakangoja. Stempu ikajibandua yenyewe, ikaelea.

"Imetoka!"

"Usiivute kwa vidole, shika kibano. Ilaze kwenye gazeti ikauke. Na ulishike neno langu, mpwa: stempu hii haiguswi na gundi tena maisha yake. Tutaichomeka kwenye mfuko wa albamu, basi."

Chiriku akanasa. "Mjomba, mbona huyu ndege ana mhuri kichwani?"

"Alisafiri bila kofia, wakamgonga."

Kicheko kilichofuata, fundi alikisikia akiwa mlangoni. Alijifuta macho kwa kitambaa cha mteja.

Tangu hapo maneno yakarudi nyumbani. Jioni Chiriku alisimama kando ya cherehani na albamu yake: hii ya wapi, huyu mnyama gani, mjomba kasema hivi, mjomba kakataza vile. Mama, miguu kwenye pedali na macho kwenye mshono, aliitikia, "Eeh. Eeh, mwanangu." Alifurahi mtoto anasema. Anasema nini, hilo aliliacha lipite na kelele za cherehani.

Shuleni wakatangaza maonyesho, na Chiriku akachaguliwa kupeleka stempu zake. Mama akakosa raha. Akazifunua, akaona zimechomekwa tu, zinatikisika. Je, zikipeperuka mbele ya watu? Je, wakimcheka? Mtoto alipokwenda kuoga, mama akachukua gundi kali ya kubandikia soli za viatu, akazibandika zote, zimenyooka kama pindo la gauni. Akakaa akitabasamu, akisubiri kushukuriwa.

Chiriku akaingia na taulo begani. "Mama, umezifanyaje?"

"Nimezibandika, mwanangu. Kwani stempu si kitu cha kubandikwa?"

"Nilikwambia zisiguswe na gundi."

"Lini?"

"Ulikuwa unashona gauni la bibi harusi. Ukasema eeh."

Mama akakimbilia maji ya vuguvugu. Gundi ya soli haijui maji. Akakwangua kwa ukucha, ndege akabaki bila kichwa. Kesho yake mjomba aliipapasa albamu kurasa zote, akaifunga taratibu.

"Tutaanza nyingine, mpwa."

"Mm," akasema Chiriku.

Kwenye maonyesho hakwenda. Albamu aliisukuma chini ya kitanda, akaomba simu. Mama akampa kwa mkono wake mwenyewe. Angemnyima kwa uso gani?

"Nitukane basi, mwanangu, lakini sema."

"Mm."

Ewe mzazi unayehangaika kumtafutia mtoto jambo la kupenda, akilipenda ukae umsikilize. Usiitikie kwa mdomo huku masikio umeyaacha kwenye kazi. Na mikono yako iweke mbali na kitu chake mpaka akuombe.

Siku hizi fundi huisimamisha cherehani jioni, akageuza kiti, akatega sikio. Kutoka chumbani haji mtu.