Tarumbeta Lenye Maji ya Hoteli

Jumanne baada ya mapumziko, watoto wa bendi ya shule ya Santa Brígida walitoa viti vyao nje, uani, kwa sababu darasani harufu ya choo ilikuwa imezidi. Choo kilikosa maji tangu bomba la chemchemi lilipogeuzwa kwenda kwenye hoteli mpya ya mwenyekiti wa mji, Don Abundio. Yeye mwenyewe alisema bomba limeharibika na mafundi wako njiani. Bila shaka mafundi hao walikuwa wanakuja kwa miguu, tena kutoka mbali sana.

Bendi ilifundishwa na Mzee Eleuterio, mwashi, aliyepiga tarumbeta la besi kwenye mazishi na harusi za milima ile yote. Serikali haikuwahi kuleta mwalimu wa muziki. Ilileta bango lenye picha ya mwalimu wa muziki. Basi mzee alikuja mwenyewe, na akinamama wakamlipa chakula cha mchana, kama ilivyo desturi huku kwetu.

Siku hiyo alimpa Zenaida tarumbeta kubwa la besi kwa mara ya kwanza. Mama yake Zenaida alianguka bondeni akiwa na ndoo kichwani, muda mfupi baada ya bomba kugeuzwa, na hakuamka tena. Mwaka wa kifo chake ulikuwa unakaribia kutimia. Siku ya mwaka bendi humpigia marehemu kaburini, na Zenaida alitaka besi ya siku hiyo iwe yake.

"Vuta pumzi mpaka tumboni, mjukuu wangu," Mzee Eleuterio alimwambia. "Halafu usipulize kama mtu anayewasha kuni. Isukume."

Zenaida aliisukuma. Sauti haikutoka. Yalitoka maji.

Yalimwagikia viatu vya mpiga klarineti, ambaye alisogeza kiti chake. Mzee Eleuterio alichovya kidole, akaonja.

"Yana dawa ya bwawa la kuogelea," alisema. "Ni ya hoteli. Tuanze tena."

Somo lilipokwisha, choo kilikuwa kimeoshwa.

Kesho yake akinamama walikuja na ndoo. Wa mbele kabisa alikuwa Hermelinda, muuza tamali, vile vitafunwa vya unga wa mahindi. Maji yalitoka na majani makavu, na mara moja na kandambili ya waridi ya mtoto wa mgeni. Waliianika dirishani, huenda mwenyewe angekuja kuitafuta.

"Wewe Zenaida, puliza bwana! Ndoo yangu bado iko nusu."

"Midomo imevimba, shangazi."

"Midomo itapona. Na masufuria yangu je, yatajiosha?"

Mzee Eleuterio alilifungua tarumbeta, akalisafisha, akalipaka mafuta. Alipolipiga yeye, lilitoa besi nzito, safi. Alipolipiga Zenaida, maji.

"Chombo kizima," alimwambia. "Na wewe unapuliza vizuri. Ubovu uko kwenye bomba, haumo humu."

Alhamisi alikuja Don Abundio na kofia yake nyeupe. Alitazama foleni ya ndoo kama mtu anayetazama mifuko yake ikipekuliwa.

"Mzee Eleuterio, kila mkifanya mazoezi bwawa langu linashuka."

"Rudisha bomba, mwenyekiti. Maji yakipita kwenye bomba, mtoto atapata sauti."

"Bomba ni suala la wataalamu. Wewe shughulika na muziki."

"Si ndio huo ninaoshughulika nao?"

Don Abundio alifikiri, kwa kuwa watu walikuwa wanamwangalia. Kisha akatoa uamuzi. Jumatatu mpaka Alhamisi shule iendelee kupiga maji. Ijumaa mpaka Jumapili hoteli ina wageni, besi ni marufuku. Akatangaza pia kwamba tatizo la maji limemalizwa na uongozi wake, na jioni kijana wake akapigilia kibao kwenye geti la shule kusema hivyohivyo.

"Mheshimiwa," Zenaida alisema, "mwaka wa mama ni Jumamosi."

"Pole sana, binti. Mpigieni ngoma."

"Mama alipenda besi."

Lakini Don Abundio alikuwa tayari anapanda gari.

Jumamosi msafara ulikwenda makaburini na tarumbeta likaenda nao. Akinamama walifuata na ndoo, mapipa, na punda wawili wenye madumu. Hakuna aliyewaita. Don Abundio alikuwa amekwisha fika, amevaa suti nyeusi, ameshika shada kubwa la maua ya plastiki.

"Binti, tulikubaliana," alisema.

Mzee Eleuterio aliinua mkono, akahesabu, bendi ikaanza. Zenaida akapuliza. Maji yakajaa ndoo ya Hermelinda, yakajaa mapipa, yakajaa madumu, kisha yakatiririka kati ya makaburi. Msichana akawa mwekundu usoni, akataka kushusha chombo.

"Usiache," Mzee Eleuterio alimwambia. "Bwawa lina mwisho."

Simu ya Don Abundio ililia. Huko hotelini wageni walikuwa wamesimama bwawani, maji magotini. Ililia tena. Wageni walikuwa wameketi chini kwenye vigae vikavu, glasi mkononi, wakiuliza chakula kitaletwa saa ngapi.

Kwenye tarumbeta kikatoka kifuniko cha mtaro wa bwawa, kikaanguka matopeni. Baada yake ikatoka besi.

Ilikuwa sauti ya chini kabisa, pana, na iliyatetemesha maua kwenye makopo. Baba yake Zenaida alivua kofia. Hermelinda alitua ndoo. Mpiga klarineti alipunguza sauti yake ili asiifunike. Zenaida alifumba macho na kumpigia mama yake ubeti mzima, na hakukosea hata mahali pamoja.

Don Abundio aliinamia simu. "Fungueni koki yote," alisema kwa sauti ndogo, kwa heshima ya marehemu. "Ndiyo, yote. Chemchemi nzima."

Katikati ya ubeti wa pili besi ilikohoa. Kisha ikaloa, kisha yakawa maji, yenye dawa kidogo kuliko ya mwanzo kwa sababu ndiyo kwanza yametoka mlimani. Akinamama wakapanga foleni upya.

Zenaida aliendelea kupuliza mpaka wimbo ukaisha. Don Abundio aliweka shada lake juu ya kaburi, akarudi nyuma hatua moja, akalitazama, kisha akainama na kulisogeza kidogo ili lisilowe.