Jogoo wa Chuma na Ukuta wa Baba

Ukuta wa sebuleni ndio ulikuwa kazi ya mwisho ya baba yao. Aliupiga plasta mwenyewe, akausugua siku tatu mpaka ukawa laini kama yai, na mwezi haukupita akafariki. Tangu hapo Dereva, mtoto wake wa kwanza, aliapa kwamba hapigi mtu msumari pale. Mjomba wao alipojaribu kutundika saa, alitolewa nje ameshikwa ukosi, saa ikiwa bado mkononi.

Jumamosi moja asubuhi mdogo wake, mchomeleaji ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, akaja na jogoo wa chuma aliyemtengeneza kwa miezi miwili. Jogoo mwenyewe wa kubebwa kwa mikono miwili, na mkia wake ni miiko minne ya uashi ya marehemu, ile ile iliyoulainisha ukuta ule. Mama yao alimpapasa kipande kwa kipande, akafuta machozi, akaenda jikoni kuchemsha chai. Dereva naye alimpenda yule jogoo, ila hakusema. Kusifia watu kulimshinda tangu utotoni.

Kisha Cheche akafungua begi, akatoa drili.

Dereva hakuuliza. Hapo ndipo panapoudhi, maana swali moja tu lingetosha. Alimshindilia mdogo wake ngumi ya taya, jino likaruka.

"Unautoboa ukuta wa baba mbele ya macho yangu?"

"Kaka, ngoja, siyo uku..."

Ngumi ya pili ikamkata maneno. Lakini Cheche hakuwa wa kupigwa akatulia. Alimtia kaka yake kichwa cha pua, damu ikawatapakaa wote wawili, na ikawa patashika nguo kuchanika. Meza ikapinduka, begi likamwagika, kioo cha kabati kikasagika chini ya migongo yao. Dereva akamkaba mdogo wake shingo mpaka macho yakamtoka pima. Cheche akamng'ata mkono, akaponyoka, akaanguka ameegemea ukuta, pumzi zimemwishia.

Mkono wa Dereva ukakuta shingo ya jogoo. Akamnyanyua juu. Wakati huo hakuwa tena na ukuta kichwani, wala baba. Alitaka kuua, na alilenga kichwa.

Cheche akainama.

Mwiko mmoja wa mkiani ukazama kwenye plasta hadi kwenye tofali, pale pale kilipokuwa kichwa. Vumbi jeupe likammwagikia Cheche mabegani. Dereva akaachia. Ndipo alipoona vitu vilivyotoka begini: minyororo miwili, kulabu mbili, na vipande vya mpira vya kubandika mgongoni mwa jogoo ili chuma kisikwaruze rangi ya ukuta.

"Drili ni ya boriti, kaka," Cheche alisema, akitema damu. "Nilitaka aning'inie kutoka juu. Ukuta usiguswe kabisa."

Mama yao alikuwa mlangoni na birika. Aliona lile pigo lote. Aliweka birika sakafuni, akaenda kumshika Cheche kichwa, akakigeuza huku na huku kama anayetafuta tundu.

Saa sita Dereva alirudi na ndoo ya saruji na mwiko wa kuazima, maana miiko ya baba yote ilikuwa imechomelewa mkiani. Alikuwa analia waziwazi. Mama akamzibia njia.

"Usiguse."

"Mama, nimeharibu kazi ya baba. Niache nizibe."

"Baba yako plasta angeipiga tena. Hapo palikuwa na kichwa cha mwanangu. Paache wazi, uwe unapaona kila unapokuja kula."

"Basi jogoo tumtundike hapo juu yake..."

"Mtundikeni upande ule. Hapa pasifunikwe."

Cheche akapanda ngazi, uso umemvimba, akaanza kutoboa boriti. Dereva aliishikilia ngazi kwa mikono miwili. Unga wa mbao ulimwangukia machoni, naye hakuthubutu kuachia ajifute.