Saa ya Kinshasa Nyumbani kwa Germain

Kaka yangu Germain alikubali kumwoza binti yake Hadassa kwa sharti moja: mtoto asitoke Katanga. Alimwambia Ricky, mchumba mwenyewe, sebuleni. Akalirudia nje ya kanisa. Kila mara Ricky alijibu, "Tutaona, papa." Mtu mwingine angeelewa. Kaka yangu alisikia "ndiyo", kwa sababu ndilo neno alilokuwa akilisubiri. Mama yake Hadassa alifariki mtoto akiwa bado anatambaa. Tangu hapo baba na binti wamekaa wawili katika nyumba ile, na mimi, shangazi mtu, ninaishi ukuta wa pili. Sijawahi kufanikiwa kumwazima yule mtoto hata kwa likizo.

Germain ana kompyuta, ordinateur kama anavyoiita. Betri yake ndogo ya ndani, ile ya mviringo, ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila ilipozimwa ilirudi mwaka 2009. Hilo halikumsumbua. Alisema 2009 ulikuwa mwaka mzuri. Lakini siku za mahari zilipokaribia alitaka kuchapa hotuba yake, na mashine ikawa inazimika katikati ya kila sentensi. Ricky, ambaye hutengeneza mashine karibu na soko, akajitolea kuja Alhamisi kutia betri mpya na kuiwekea mfumo mpya. Germain hakuwepo. Alikuwa Kapolowe, akitafuta mbuzi.

Mambo ya mashine nilielezwa baadaye, nami nayatoa kama nilivyoyapokea. Ndani, chini ya mfumo, kuna saa isiyojua mji wowote. Ricky aliiweka kwa saa ya dunia, ile ya Greenwich. Halafu mfumo mpya ukauliza: uko wapi? Kwa nchi yetu unatoa majibu mawili tu, Kinshasa au Lubumbashi. Likasi yetu, inayofuata saa ya Lubumbashi, haimo. Ukijibu Lubumbashi, inaongeza saa mbili. Ukijibu Kinshasa, inaongeza moja. Mashine haijui iko wapi mpaka iambiwe, na ikishaambiwa haibishi. Laiti ningezaliwa na kaka wa namna hiyo.

Germain aliporudi na mbuzi wake alikuta mashine inawaka, tena inajua mwaka. Akafurahi mno. Akaweka saa yake ya mkono kwa kufuata mashine, kisha akapanda kiti akaweka na ile ya ukutani. Ya simu hakuiamini.

"Simu inapewa saa na kampuni," aliniambia. "Ordinateur iliwekwa na muntu."

Ijumaa mkate ulifika kabla ya wakati. Germain akasema mwokaji ana haraka ya maisha. Akaenda misa ya asubuhi akakuta watu wanatoka. Akasema padri amekatakata masomo. Mchana jua likawa utosini kabla ya saa sita yake, na jua nalo akalisema.

"Yaya," nilimwambia, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "saa yako iko nyuma."

"Angèle, minye nilifanya kazi ku usine. Utanifundisha saa?"

Kiwanda chake hakibishiwi, nikarudi kwangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mkuu mwenyewe asiposikia, anavunja miguu ya wenzake.

Jumamosi ujumbe wa Ricky ulitakiwa saa nne asubuhi, dix heures kama ilivyoandikwa kwenye mwaliko. Kwetu upande wa mume ukichelewa unatozwa faini, na faini hiyo hufurahiwa kuliko mahari. Kwa hiyo Firmin, baba mdogo wa Ricky na msemaji wao, alikuwa amewaamsha watu wake alfajiri. Saa nne kamili wakapiga honi getini, wamevaa, wanang'aa, hawana kosa hata moja.

Kaka yangu alitoka na fulana ya ndani, sabuni ya kunyolea shavuni.

"Munakuja kunikuta uchi?" aliuliza. "Ni neuf heures!" Yaani saa tatu.

"Papa, mulisema dix heures. Shiye tuko hapa dix heures," akasema Firmin.

"Mutalipa amende."

"Amende ya kuwahi?"

"Ya kuzarau."

Firmin alisema tangu azaliwe hajasikia faini ya kuwahi. Germain akasema basi asikie leo. Wakanyoosheana saa za mkono juu ya geti, kila mmoja akiipiga kioo kwa kidole. Ningecheka, lakini nilimwona Ricky nyuma ya baba yake mdogo, suti mpya, uso umemshuka. Alikuwa ameshajua saa hiyo imetoka wapi.

"Papa," alisema, "naomba nione ordinateur."

Tukaingia watatu, Germain, Ricky na mimi. Ricky akafungua pale panapowekwa saa. Jina lilikuwa limeandikwa kwa herufi za kutosha hata kwa macho ya kaka yangu: Kinshasa.

Germain alilisoma. Akajifuta sabuni kwa kiganja, polepole.

"Njo vile," alisema. "Nilikuuliza, ukasema tutaona. Sasa nimeona. Umeshapeleka nyumba yangu ku Kinshasa, na mutoto atafuata. Toka na bantu bako. Ndoa imekufa."

Ricky hakujitetea. Alisimama tu, ameinamisha kichwa, na mimi nikamkasirikia: mwanamume mzima, neno moja lingemwokoa, "nilikosea", na halitoki!

Mlango wa chumba ukafunguka. Bibi harusi hatakiwi kutoka kabla ya kuitwa, lakini Hadassa alitoka, nywele nusu zimesukwa.

"Hapana yeye, papa. Ni minye."

"Weye nini?"

"Ricky alitoka inje kunawa mikono. Ordinateur ikauliza tuko wapi. Minye njo nilijibu." Akashika upande wa nywele usiosukwa. "Nilipata kazi kule, ku laboratoire ya hôpital moya. Kiisha ndoa naenda. Ricky njo ananifuata minye. Nilimukataza kukuambia, nilitaka kukuambia minye mwenyewe. Nikashindwa."

Sikujua. Kazi ya maabara hospitalini, na mimi niliyemfundisha kufunga viatu sikujua. Niliumia, na nikaona aibu kuumia mbele ya mtu mwenye haki zaidi yangu.

Germain alikaa kwenye kiti. Alimtazama binti yake, kisha akaitazama mashine. Ricky akanyoosha mkono kwenye kibodi.

"Naibadilisha sasa hivi, papa. Ni dakika moya tu."

"Acha!" Akausukuma mkono wa Ricky. "Usiguse."

Akavuta kiti karibu na mashine. Nje Firmin alikuwa anapiga honi tena.

"Kule kwenye anaenda, ni saa ngapi?"

"Neuf heures, papa. Na dakika kidogo."

"Na ku invitation tuliandika?"

"Dix heures."

"Basi ndoa haikufa. Bape viti, bape maji, bangoje," alisema kaka yangu. "Dix heures iko bado. Ningali na heure moya na mutoto yangu."

Akamvuta Hadassa akaketi karibu naye, kisha akatuonyesha mlango mimi na Ricky.

Nikapanga viti kivulini, nikagawa maji, nikilia waziwazi. Firmin akatazama saa yake, akaitikisa, akaniuliza mimi nina saa ngapi.

"Neuf heures, papa," nikamwambia. "Mumewahi."