Katikati ya Vilio

Mtoto walimwita Kibonge kwa jinsi mapaja yake yalivyojaa mikunjo. Baba yake, kinyozi, aliwaambia wateja kwamba mwanawe hanyonyi, anajaza ghala. Mama yake alishona sare za shule palepale nyumbani, na mama mkwe aliishi nao kuwasaidia kulea. Bibi huyo alikuwa amelea wengi, wake na wa wenzake, na hakuna aliyethubutu kumfundisha habari za watoto.

Asubuhi hiyo Kibonge alikuwa mkekani akivutana na kipande cha kitambaa. Ghafla akapiga ukelele ambao mama yake hakuwahi kuusikia, akakunja magoti hadi tumboni, uso ukampauka. Mama aliacha cherehani, akamnyanyua. Kabla hajajua la kufanya, kilio kilikatika. Mtoto akamtazama, akatabasamu.

"Chango hilo," bibi alisema akiwa jikoni. "Kama si chango, ni meno. Mkande tumbo, litapita."

Likapita, likarudi. Likapita tena, likarudi, na safari hii mtoto akatapika maziwa yote. Mama alivaa viatu, akakusanya nepi, lakini alipofika mlangoni Kibonge alikuwa ametulia begani, akichezea hereni yake.

"Sasa unampeleka wapi mtoto anayecheka?" bibi akauliza. "Ukapange foleni na wanaokohoa, umrudishe na ugonjwa wa kweli?"

Mama akampigia mumewe simu. Mashine ya kunyolea ilikuwa ikinguruma sikioni.

"Analia?"

"Saa hii anacheka. Lakini baba Kibonge, kile kilio..."

"Kama anacheka, msikilize mama. Nikipata nafasi nitakuja tumpeleke."

Akavua viatu.

Kufikia mchana, vilio vilikuwa vimepungua nguvu. Katikati yake mtoto hakucheza tena. Alilala legelege, macho nusu wazi. "Afadhali, amepata usingizi," bibi alisema, akamfunika. Kisha Kibonge akatapika kijani. Mama alipomfungua nepi alikuta damu iliyochanganyika na ute, nzito kama jamu. Hakumuuliza mtu. Alitoka na mtoto kifuani, na majirani waliomwita njiani hakuwasikia.

Daktari wa watoto alikuwa dada mwenye vidole vyepesi. Alibonyeza tumbo taratibu, akafika upande wa kulia, vidole vikasimama.

"Ameanza lini?"

"Asubuhi."

Daktari aliandika tu. Heri angefoka.

Baada ya kipimo alimkalisha mama, akausukuma mkono wa koti lake ukajiingiza ndani. "Utumbo wake umefanya hivi. Kipande kimeingia ndani ya kingine, kikabanwa. Chakula hakipiti, damu nayo haipiti. Maumivu huja na kuondoka, ndiyo maana huwadanganya wazazi wengi. Tutapuliza hewa kwa njia ya haja, huenda ukarudi mahali pake."

"Tumechelewa?"

"Ngoja tujaribu, mama."

Hewa ilishindwa. Kibonge akapelekwa kupasuliwa. Kinyozi aliingia mbio, nywele za watu zingali zimemganda kwenye aproni, bibi akimfuata nyuma akihema.

"Kwa nini hukuniambia ni kubwa hivi?" alimfokea mkewe.

"Nilikuambia nini kwenye simu?"

Bibi alimshika mwanawe mkono. "Alikuwa anacheka, baba. Si alikuwa anacheka?"

Utumbo uliobanwa ulikutwa umeshaoza. Waliukata, wakaunganisha uliobaki, lakini sumu ilikuwa imekwisha kuenea mwilini. Mama alikaa kando ya kitanda, matiti yamejaa hadi yanauma, maziwa yakimlowesha gauni, na mtoto haruhusiwi hata tone. Siku ya pili, mchana kweupe, wodi nzima ikiwa na kelele za wageni, Kibonge alivuta pumzi ndefu, asivute nyingine.

Msibani watu walisema yale yasemwayo: kazi ya Mungu haina makosa, hakuishi kwa kuwa siku zake zilifika. Kila aliposikia hivyo, bibi aliinua uso. "Mama yake alitaka kumpeleka. Mimi ndiye niliyemzuia." Alimwambia jirani, akamwambia mkwe wa mbali, akamwambia hata muuza maji aliyekuja kushusha madumu na hakuwa ameuliza kitu. Watu wakaanza kuangalia chini kila alipokaribia. Kinyozi aliondoka kila mara mama yake alipoanza.

Mama mtu alivumilia hadi jioni. Mwishowe akainuka katikati ya wageni, akamshika bibi mkono na kumwingiza chumbani.

"Inatosha, mama."

"Niache niseme. Nisiposema nitakufa."

"Ukisema, ninakufa mimi."

Wakakaa kitandani wote wawili, hawakugusana. Nje mtu aliuliza mama wa marehemu yuko wapi, na hakuna kati yao aliyeitikia.