Vumbi Kiganjani mwa Mjomba

Mkunga alikuwa aje kuchukua gari lake saa nane mchana. Saa mbili asubuhi niliona nyufa.

Zilikuwa nyembamba kama nywele, zimelizunguka tundu la skrubu kwenye bamba la kulia la paa. Gari hilo lina paa la kufungua: mabamba mawili, la kushoto na la kulia, ambayo mwenyewe huyang'oa na kuyalaza kwenye buti akitaka upepo. Siku iliyotangulia niliyapangusa yote mawili kwa thina, nikayapiga rangi nyeusi, nikayatundika yakauke. La kushoto lilikuwa zima. La kulia lilikuwa linapasuka polepole mbele ya macho yangu.

Faiba, zile nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, haipasuki kwa thina. Plastiki ngumu, ile iliyo angavu kama kioo, hupasuka. Ndiyo maana katika gereji yetu hakuna bamba lililoguswa kabla mjomba wangu, mwenye gereji, hajataja limeundwa kwa kitu gani. Utaratibu wake haukubadilika kwa miaka thelathini. Alifumba macho. Mtu mmoja alisugua msasa upande wa ndani wa bamba, pasipoonekana, akammwagia vumbi kiganjani. Mjomba alinusa, kisha akataja. Jina liliandikwa kwa penseli palepale palipokwanguliwa. Kwa miaka sita mwenye msasa na penseli nilikuwa mimi.

"Macho yana upendeleo," alizoea kusema. "Pua haina rafiki."

Mtaa mzima ulimwita Mzee Pua. Aliliitikia jina hilo upesi kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Nyuma ya bamba la kulia mwandiko wangu ulisomeka vizuri: FAIBA.

Nilimwita. Alikuja akifuta mikono, akainama, akatazama kwa muda.

"Umemwaga thina nyingi," alisema.

"Kiasi kilekile cha kushoto, mjomba."

"Basi uliiacha ikakaa."

Fundi bodi wetu, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, alichungulia begani mwangu. "Kumbe chuo kinafundisha kila kitu isipokuwa kupangusa! Dada, hicho cheti chako nacho kikague, huenda kina nyufa." Alicheka peke yake, kisha akashusha sauti. "Tia puti, piga rangi tena. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na likichomoka barabarani, likamwangukia mtu wa nyuma?"

Redio aliokota nyundo yake.

Mjomba alirudi kwenye kazi yake. Mimi nililigeuza bamba na kukwangua palepale pa jana, safari hii kwa nguvu. Kwanza lilitoka vumbi jeupe, kama jana. Ilikuwa rangi ya chini tu, iliyopakwa na fundi fulani wa zamani. Chini yake msasa ulitoa nyuzi laini zilizojikunja, na plastiki angavu ikaonekana.

Nilijilaumu mara moja. Baadaye kidogo nilifikiri vizuri zaidi. Vumbi la faiba nalo ni jeupe, kwa hiyo jicho langu lilikuwa na udhuru. Lakini faiba ikisuguliwa hutoa harufu kali ya gundi inayokwama kooni, na vumbi lile la rangi halikuwa na harufu hiyo. Mimi sikulinusa, kunusa hakukuwa kazi yangu. Mjomba alilinusa. Pua yake ingejua hata akiwa usingizini.

Nilifanya jambo ambalo sijivunii. Nilimwomba atambue tena. Alisimama mbele ya benchi, akafumba macho, akakinga kiganja. Sikusugua bamba. Nilisugua mguu wa benchi, ubao mtupu, nikammwagia vumbi lake.

Alinusa. Alinusa tena, kwa muda mrefu.

"Faiba," alisema.

Redio aliweka nyundo chini. Mjomba alifumbua macho, akaona unga wa manjano wa mbao. Hakuukung'uta.

"Tangu lini, mjomba?"

"Tangu ile homa." Homa hiyo ilimlaza miezi saba iliyopita. "Iliondoka ikabeba na pua. Nilidhani itarudi. Kila asubuhi nafungua kopo la thina, nanusa. Ni kama kunusa maji."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, halafu niitweje?"

Redio alikohoa. "Mzee, sisi hatujaona kitu hapa. Mkunga ataambiwa binti alikosea thina. Atanuna wiki moja, yataisha. Huyu bado kijana, jina lake litaota tena."

Alisema kwa huruma, na jina alilokuwa akiligawa ni langu. Mjomba alinitazama. Sikumsaidia. Nilitaka kujua angesema nini bila kusaidiwa.

Mkunga alifika kabla ya saa nane. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake. "Wewe," alimwambia Redio mlangoni, "nilikupokea mimi. Ulitanguliza miguu, na mdomo ukafuata ukiwa tayari wazi."

Redio alicheka kidogo. Mjomba hakucheka. Alilibeba bamba la kulia kwa mikono miwili na kulilaza mbele yake.

"Mama, hili limeharibika. Nililitaja vibaya. Pua yangu imekufa na nilificha. Mpwa wangu alifanya nilichomwambia."

Mkunga alipitisha kidole juu ya rangi. "Mbona naliona zuri?"

"Ni zuri. Lingefungwa, ungeondoka ukishukuru."

"Mjukuu wangu hukaa chini ya hili."

"Najua."

Mjomba aliliegemeza ukingoni mwa benchi na kulikandamiza kwa goti. Lilikatika penye tundu la skrubu, bila ubishi wowote. Sisi wote tulitazama vipande.

"Mficha uchi hazai, Mzee P..." Mkunga hakulimalizia jina. "Nimewaambia hivyo wanawake wengi. Sikudhani siku moja nitayasema gereji."

Hakusema kwamba amesamehe. Aliuliza bamba jingine litapatikana lini, akaacha funguo, akaenda zake kwa miguu.

Mjomba alikaa juu ya tairi. "Miezi saba," alisema. "Nimetaja mabamba mangapi?"

Nilihesabu kichwani, kwa kuwa yote niliyaandika mimi. "Tisa."

"Kabla hujasugua, niliyapima kwa siri, kwa uzito na kwa kuyagonga. Nadhani niliyapatia."

Neno "nadhani" sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Alinawa mikono. Alikunja kipande cha msasa na kukitia mfuko wa shati. Mwenye bamba la kwanza anakaa nyuma ya soko, mwendo wa robo saa. Tulipofika mlangoni kwake, mjomba alitoa msasa na kunikabidhi.

"Wewe utanusa," alisema. "Kusema, nitasema mimi."

Akabisha hodi.